Kiko Kisicholia

Kwa bibi yangu mzaa baba, aliyezaliwa Pangani, kiko hakikuwa kitu kimoja. Juu kuna bori, kijibakuli cha udongo kinachotiwa tumbaku. Bori linakaa kwenye digali, mrija unaoshuka hadi ndani ya kibuyu au kifuu chenye maji. Hicho chombo cha maji ndicho hasa kiko. Ubavuni mwake unatoka mrija mwingine, shilamu, ndio unaokwenda mdomoni. Mvutaji akivuta, maji yanabwabwaja ndani, na sauti hiyo nayo ina jina lake: malio. Malio ya kiko. Bibi alikuwa akisimulia kwamba utotoni mwake ungelala chumba cha pili ukajua wazee bado wako macho barazani, kwa malio tu.

Siku nilipompelekea kiko cha kwanza nilichokitengeneza kwa mkono wangu, cha mbao, kikavu, kisichotumia maji, alikigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bori, akauliza:

“Na hiki kinalia?”

“Hakilii, Bibi. Hiki kikilia ni kibovu.”

“Masikini. Sasa mvutaji wake anakaa na nani?”

Sikuwa na jibu. Ila kuna jambo ambalo sikumwambia siku ile: kilikuwa kinalia.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Arusha, upande wa barabara iendayo Namanga. Vitanda, milango na viti ndivyo vinavyolipa pango. Viko nafanya jioni na Jumapili, na kwa mwaka havizidi thelathini. Sivuti, sijawahi kuvuta, na kila anayenunua namwambia wazi kwamba tumbaku inaua na kwamba kupita kwenye mbao nzuri hakuibadilishi. Baba yangu mdogo tulimzika kwa saratani ya koo, na alikuwa mtu wa sigara tangu ujana. Kwa hiyo nimejiuliza si mara moja kwa nini naendelea na kazi hii. Naendelea kwa sababu ya mbao. Katika miaka yangu yote ya useremala sijaona kazi nyingine ya kutosha kiganjani inayodai usahihi namna hii, tena mahali ambapo hakuna macho yanayofika. Meza mbovu inajisema yenyewe, unaiwekea kikombe na chai inamwagika. Kiko kinaweza kung'aa ukakiweka kwenye kabati la vioo, na ndani yake kikawa hovyo kabisa.

Kiko cha mbao ni matundu matatu. La kwanza ni bori, la kutia tumbaku, upana wake milimita 19 au 20. La pili ni njia ya moshi, milimita 4 tu, inayoanzia chini ya bori na kupita katikati ya ile shingo ya mbao, ambayo nimeipa neno la Bibi nikaiita digali. La tatu ni tundu la kuchomekea shilamu, yule mrija mweusi wa mdomoni. Fundi yeyote wa viti atalielewa hili la tatu: ni tundu na ulimi, kama mguu wa kiti unavyoingia kwenye ubao wake, tofauti ni kwamba hapa kila kitu ni mviringo na kosa la unene wa karatasi linasikika.

Taabu kubwa iko kwenye lile la pili. Njia ya moshi lazima itokee chini kabisa ya bori, tena katikati kabisa. Ikitokea juu kwa milimita 2, tumbaku ya chini haiungui. Inalowa, inabaki tope jeusi lenye uchungu. Ikishuka mno, inachimba sakafu ya bori, na hapo moto unapata pa kuanzia kula mbao. Na kazi yenyewe unaifanya bila kuona. Biti, kile chuma cha drili kinachotoboa, inaingilia mwisho wa digali, inasafiri sentimita 5 au 6 gizani, nawe huku nje unatakiwa ujue itachomoza wapi.

Viko vyangu kumi na kimoja vya kwanza vilikosea, na vyote vilikosea kwa kupanda juu. Nilidhani ni mbao. Nikabadilisha mbao. Nikadhani ni biti, nikanunua nyingine. Mwishowe nikamwita kijana ninayefanya naye kazi aniangalie kwa pembeni ninapotoboa, naye kwa dakika mbili akaona nilichoshindwa kuona kwa miezi: kadiri ninavyochoka, mkono wangu wa kulia unashuka, na drili ikishuka kwa nyuma, ncha inapanda kwa mbele. Nikaachana na drili ya mkono. Nikanunua kerezo kuukuu lililokuwa linakerezea miguu ya vitanda, nikalitengenezea mataya ya mninga ya kukamata kipande cha mbao pande mbili. Siku hizi mbao ndiyo inayozunguka, biti imetulia. Tofauti ni kubwa. Biti inayozunguka ndani ya mbao iliyotulia hufuata nyuzi laini na kukwepa ngumu, inapinda bila wewe kujua. Mbao inapozunguka yenyewe, biti hulazimika kukaa kwenye mhimili. Kila baada ya milimita 8 hivi naitoa, napuliza vumbi, narudisha. Usipoitoa, vumbi linajaa, biti inapata moto, na njia inaharibika kuta zake.

Kwa hiyo matundu yakanyooka. Hata hivyo viko viliendelea kulia.

Hapa inabidi niingize habari ya mji wangu, kwa sababu vijana wengi hawaijui. Arusha iliwahi kuwa mji wa viko. Kaskazini yetu, huko Sinya, wilaya ya Longido, kwenye bonde lile la Amboseli linalokatwa na mpaka wa Kenya, kuna machimbo ya madini meupe mepesi yanayoitwa mirishamu. Wataalamu huyaita sepiolaiti. Ni laini kuchongwa yakiwa na unyevu, hayaungui, na hunyonya majimaji ya moshi kama sifongo. Duniani madini haya yanajulikana zaidi kwa mji wa Eskişehir, Uturuki. Miaka ya 1950 ikaanzishwa Tanganyika Meerschaum Corporation, na viko vyake vikavuka bahari vikiwa na alama ya tembo na chapa ya neno letu lenyewe: Kiko. Mpaka leo kuna watu Ulaya na Marekani wanaovikusanya, na neno moja la Kiswahili wanalolijua ni hilo.

Mtaani kwetu yuko mzee aliyefanya kazi kwenye kampuni hiyo akiwa kijana. Nilikuwa nampita kila siku kwenye kibanda cha kahawa bila kujua. Nilipojua, nilimfuata na kiko changu cha kumi na nne mfukoni, kile ambacho niliamini kimetimia.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Lete nikione.”

Hakukitazama sana. Alikitia mdomoni kikiwa kitupu, bila tumbaku, akafumba macho, akavuta hewa polepole. Halafu akanipa.

“Umesikia?”

“Sijasikia kitu, Mzee.”

“Basi hapo ndipo penye kazi. Nenda kwenye chumba kilichofungwa, usiku, uvute tena.”

Nikaenda. Saa tano usiku, familia imelala, nimefunga mlango na dirisha. Nikavuta hewa taratibu. Ikaja sauti nyembamba sana, kama mbu aliye mbali. Nikaongeza kasi kidogo, mbu akasogea. Nilikaa na mbu yule mpaka saa saba.

Sababu yake nikaijua baadaye. Moshi wa tumbaku unabeba mvuke wa maji. Ukipita kwenye njia yenye upana uleule toka mwanzo hadi mwisho, unakwenda nao mpaka nje. Ukikuta mahali njia imepanuka ghafla, moshi unapunguza mwendo, unajizungusha, unapoa, na maji yanadondoka. Maji yakijikusanya pale, mvutaji anasikia kiko kinabwabwaja, na ulimi wake unaonja uchungu. Na mahali penyewe karibu kila mara ni palepale: pale ulimi wa shilamu usipofika mwisho wa tundu lake. Mimi nilikuwa naacha nafasi ya milimita 3, nikidhani ni hisani ya kuipa mbao nafasi ya kuvimba. Kichumba hicho kidogo ndicho kilichokuwa kinapiga mluzi kikiwa kikavu, na ndicho kilichokuwa kitalia kikilowa. Sauti ileile ambayo wazee wa Pangani waliitengenezea chombo kizima waisikie vizuri, kwangu ilikuwa ushahidi wa uzembe. Nimeliacha neno lilivyo. Karakanani tukisema “hiki kina malio”, kijana wangu anajua kinarudi kwenye kerezo.

Kuanzia hapo nikaanza kuvikata. Kiko kikishindwa, sikitupi wala sikichomi. Nakibana kwenye jiliwa, nachukua msumeno wa meno madogo, nakipasua kwa urefu kuanzia ukingo wa bori mpaka mdomoni. Nusu moja naipiga msasa, naitundika ukutani kwa msumari. Ziko nusu ishirini na tatu sasa, zimepangwa kwa tarehe. Ukizifuata kwa jicho kutoka kushoto, unaona njia ya moshi ikishuka kidogo kidogo, kama mtu anayejifunza kuandika kwenye mstari. Unaona kile kichumba cha milimita 3 kikiwa 2, kikiwa 1, kikitoweka. Nusu ya kumi na saba ndiyo inayoniuma, kwa kuwa kila kitu kimo sawasawa isipokuwa ncha ya ulimi niliiacha na ukingo mkali, na ukingo huo peke yake ulitosha kupiga mluzi. Sasa nauchonga uwe kama mdomo wa faneli.

Mdomoni pia kuna hesabu yake. Njia ya milimita 4 ina eneo la milimita za mraba 12 na nusu hivi. Shilamu inapokwenda kuwa bapa ili ikae vizuri kwenye meno, tundu la mviringo haliwezi kubaki mviringo. Likibanwa tu, moshi unasongwa. Kwa hiyo linapungua kimo huku likipanuka: likifika milimita 1.2 kwa kimo, upana uwe zaidi ya milimita 10. Nafanya hivyo kwa visumeno vidogo na tupa nyembamba kama sindano, nikipimia na mwanga wa dirisha. Shilamu moja inachukua saa tatu mpaka nne, muda mrefu kuliko bori na digali kwa pamoja, na mnunuzi akikishika kiko anasifia rangi ya mbao. Natumia eboniti, ambayo ni mpira wa asili uliopikwa kwa salfa nyingi hadi ukawa mgumu kama pembe. Ukiipiga tupa inanuka kama kiberiti kilichowashwa. Jua la Arusha haliipendi. Niliwahi kuacha shilamu tano dirishani wiki mbili, nikazikuta zimekuwa kijani cha maji ya bwawa.

Sasa mbao. Mafundi wa Ulaya wanatumia kifundo kinachokaa ardhini kati ya shina na mizizi ya mti mdogo wa nchi za Mediterania, Erica arborea. Mji wa Saint-Claude huko Ufaransa ulijijengea jina kwa viko vya mbao hiyo tangu karne ya 19, na vifundo vizuri vinatoka sehemu kama Calabria, Italia. Mti huo umezoea moto. Msitu ukiungua, kifundo kinabaki ardhini na kuchipua upya. Wanakikata vipande, wanavichemsha saa nyingi kutoa utomvu, kisha wanavikausha polepole kwa miezi au miaka.

Nilipojifunza haya nilikaa chini. Nilipokuwa kijana nilibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro. Ukiacha msitu mkubwa juu ya kambi ya Mandara, unaingia kwenye miti iliyopinda, yenye majani kama sindano na ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye ukungu. Nimekaa chini ya miti ile nikala ugali baridi zaidi ya mara ishirini. Ni jamii ya Erica. Ndugu wa damu wa mbao ninayoiagiza Italia kwa bei inayoniumiza, na mimi nilikuwa naegemea mgongo. Hairuhusiwi kukata hata kijiti kule, na ni haki kabisa. Moto wa Oktoba 2020 uliunguza eneo kubwa la ukanda ule, nasi tuliutazama usiku kutoka mbali kama mstari mwekundu angani. Kila kifundo kilichobaki ardhini nakitakia kichipue.

Mbao ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya hapahapa: mzeituni mwitu, ambao Wamaasai huuita oloirien. Ni mzito, rangi ya asali yenye mistari ya kahawa, na harufu yake ukiukata ni tamu. Napata matawi ya miti iliyoanguka au iliyokatwa mashambani, kwa kibali, kwa maana hata kipande cha kubeba begani kina karatasi zake. Mpingo niliujaribu. Mzuri kuliko yote, lakini mzito mno mdomoni, na kwangu ulipasuka kwa joto. Sasa nautumia kwa pete tu, pale digali inapokutana na shilamu.

Oloirien una tabia moja ngumu: ukiukausha kwa pupa unapasuka kama udongo wa kiangazi. Naupaka nta kwenye ncha zote mbili, nauandika tarehe kwa penseli, nauweka uvunguni mwa meza kwenye giza. Miaka miwili. Mwanzoni nilishindwa kungoja, na kutokuweza kungoja huko kulinipeleka kwenye jambo ambalo bado linanikera.

Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Moshi aliniagiza kiko. Mbao ilikuwa na miezi saba. Nilipomaliza kutoboa bori niliona, karibu na sakafu yake, ufa mwembamba kama unywele. Kiko kilikuwa kizuri. Mistari ilikuwa inapanda kutoka chini kama ndimi za moto, nilikuwa sijawahi kupata kipande cha namna ile. Nikachanganya vumbi la mbao na gundi, nikaujaza ufa, nikapiga msasa, nikapaka ndani utando mweusi, ufa ukatoweka. Nikapokea pesa.

Baada ya wiki sita alikuja mwenyewe, kwa basi. Hakufoka. Alikiweka mezani akaelekeza kidole: nje ya bori, chini kidogo, kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mtama, na mbao pale ilikuwa laini, inabonyea. Moto ulikuwa umepita kwenye gundi yangu. Akaniuliza, “Fundi, ulikuwa unajua?” Nikamwambia, “Ndiyo, Mwalimu, nilikuwa najua.” Nilimrudishia pesa zote na nauli, nikamwomba aniachie miaka miwili nimtengenezee kingine. Akakubali. Kile cha kwanza ni nusu ya kumi na tisa pale ukutani, na ufa wake unaonekana vizuri sana.

Kimebadilika nini? Gundi haikai tena kwenye meza ya viko. Sakafu ya bori haipungui milimita 7. Na utando wa ndani, ambao kazi yake ni kulinda mbao kwenye mioto ya mwanzo, siupaki mpaka mtu mwingine aangalie bori tupu kwa tochi. Wenyewe nautengeneza kwa maziwa mgando na unga wa mkaa wa oloirien. Mafundi wengi duniani huchanganya maziwa na mkaa, lakini mimi wazo nililitoa kwa akina mama wa Kimaasai, wanaosafisha vibuyu vya maziwa kwa kijiti cha mti huohuo chenye kaa la moto. Utando unashika, hauna ladha mbaya, na kiko kipya kinanuka kwa mbali kama kibuyu cha maziwa.

Mwalimu alipata kiko chake baada ya miezi ishirini na sita. Nilikivuta kikavu saa tano usiku kabla sijamkabidhi. Kimya.

Februari iliyopita yule Mzee alikuja karakanani na kiko chake cha tembo kikiwa kimefungwa kwenye leso. Kuvuta aliacha zamani kwa amri ya daktari, lakini kiko alikitunza. Kilikuwa kimeanguka kwenye saruji na bori likapasuka.

“Kikate,” akaniambia.

“Mzee, hiki naweza kukiunga.”

“Nimesema kikate. Miaka yote nimekuwa nacho, sijawahi kukiona ndani.”

Nilitumia robo saa. Vumbi lilikuwa la rangi mbili, kahawia la mbao kwanza, kisha jeupe kama unga wa muhogo, kwa kuwa bori lilikuwa na kuta za mirishamu ndani. Nusu mbili zilipoachana tuliinama wote. Njia ya moshi ilitokea katikati ya sakafu, chini kabisa, imepita mbao na madini bila kuyumba. Ulimi wa shilamu ulikuwa umefika mwisho wa tundu, hata ukucha haungeingia.

“Mzee, huu ni mkono wa nani?”

Alipitisha kidole gumba kwenye ule mfereji, akaenda mpaka mwisho, akarudi.

“Tulikuwa wengi pale,” akasema. “Anaweza kuwa yeyote.”

Nusu yenye tembo aliifunga tena kwenye leso akaitia mfukoni. Nyingine aliniachia nitundike na zangu. Ipo pale, ya mwisho kulia, na jua la alasiri likiingia, ule utepe mweupe wa mirishamu unaonekana tangu mlangoni.